Kugeuza nafasi ya mume na mke katika maandishi ya kutetea wanawake: kunamshawishi nani, na kunaharibika wapi? (Uzi mrefu)

#1 Mwalimu wa Chumbageni

Salaam wanajamvi. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe ukilisema nusu linapotea.

Kuna mbinu ambayo waandishi wanaotetea wanawake wameitumia kwa zaidi ya miaka 100: kugeuza. Unachukua maneno ambayo mwanamke huambiwa tangu anapovunja ungo, unamwambia mwanamume. Hubadilishi kingine. Maneno yaleyale, sauti ileile ya upole na nasaha, aliyekaa mkekani tu ndiye mwingine. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Tanga mjini, na nje ya darasa nasimamia kikundi cha vijana na akina mama wanaoandika mashairi na michezo ya kuigiza. Mbinu hii naiamini sana. Nimeona pia ikiharibiwa vibaya, hasa kwenye vichekesho vinavyozunguka kwenye simu, na ndiyo sababu nimeamua kuandika.

Nianze na mfano wa nyumbani. Wengi wetu tumekutana na Utenzi wa Mwana Kupona shuleni. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate aliutunga mwaka 1858, naye ni mgonjwa, akimuusia binti yake Mwana Hashima. Ni kazi kubwa na sikuja hapa kuivunja heshima. Sehemu ndefu ya wosia ule inahusu kukaa na mume: akilala usimwamshe, mpapase, mpepee, mnyoe, mfukize, ukitaka kutoka omba ruhusa, ukienda usikawie. Sisi wa Tanga tunasifiwa nchi nzima kwa mambo hayo. Mgeni hajashuka stendi keshasikia habari za maji ya kuoga yenye asumini, za udi, za binti aliyefundwa na kungwi akafundika. Tumeyasikia mno kiasi kwamba hatuyasikii tena. Yanapita kama salamu.

Basi kikundini tulikaa tukatunga wosia wa kijana wa kiume. Bahari ileile ya utenzi, mizani nane kila mshororo. Hizi ni beti nne kati yake:

Njoo mwana wa kiume,
ukae nikutazame,
na wosia uusome,
mambo ya kuzingatia.

Mke akirudi kwake,
mvue viatu vyake,
na joto lisimfike,
kaa ukimpepea.

Akilala unyamaze,
watoto uwatulize,
na taa uipunguze,
asije kukuchukia.

Kutoka uombe radhi,
hata ukenda kwa kadhi,
usimtie maudhi,
kwa neno la kumwambia.

Tulizisoma barazani mbele ya watu, wazazi wakiwamo na wavulana kadhaa wa sekondari. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, wavulana wakaangua kicheko, mmoja akajipepea kwa daftari. Wa tatu, kicheko kikapungua. Tulipomaliza wa nne kijana mmoja akauliza, na alikuwa amekasirika kweli: "Sasa huyo mwanamume ni mtumwa?" Hakuna aliyemjibu. Mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akisuka ukili alisimamisha mikono, akamtazama yule kijana, kisha akaendelea kusuka.

Hapo ndipo mbinu ilipofanya kazi. Ukimwambia mtu "mwanamke anaonewa", anaanza kutafuta jibu: mila, dini, maumbile, bibi yangu aliishi hivyo na alikuwa na furaha. Huyu hakuambiwa lolote. Neno "mtumwa" alilileta yeye kwa kinywa chake, na akishalisema hana wa kubishana naye.

Yale ya mke kuingia peponi kwa radhi ya mumewe, yaliyomo kwenye utenzi, hatukuyageuza, kwa makusudi. Ukigusa hapo watu wanaacha kuzungumza habari za nyumba wanaanza kuilinda dini yao, nao wana haki. Anayetumia mbinu hii lazima ajue anageuza kipi na anaacha kipi mahali pake.

Waliotutangulia nao walijua hivyo. Mwaka 1905 mwanamke Mwislamu wa Bengali, Rokeya Sakhawat Hossain, alichapisha hadithi fupi iitwayo Sultana's Dream katika jarida la wanawake lililotoka Madras, India. Wanawake wa jamaa yake walikaa ndani, upande wa zenana, wasionekane na mwanamume wa nje. Naye akaandika ndoto ya nchi ambako wanaume ndio walio ndani na wanawake ndio wanaoendesha mji, vyuo, hata vita. Wanapikia joto la jua, wanavuna maji kutoka mawinguni, wana vyombo vya kuruka. Kumbukeni ni 1905.

Vitu hivyo vya ajabu si vinavyonivuta mimi. Kinachonivuta ni kidogo sana. Msimulizi anatembea barabarani akiona haya, hajazoea kutoka bila kujifunika. Wapita njia wanamcheka, wanasema ana mambo ya kiume. Anamuuliza mwenyeji wake wana maana gani. Anajibiwa: wana maana kwamba una haya na woga kama wanaume. Basi, hadithi inaendelea. Rokeya hakusimama kueleza. Msomaji ndiye anayebaki pale njiani.

Kuna pengine panapouma zaidi. Msimulizi anasema si salama kwa wanawake kutoka nje, ilhali wanaume wapo. Mwenyeji anamuuliza: wendawazimu wakitoroka hospitali wakaanza kudhuru watu, mnafanyaje? Tunawakamata, tunawarudisha ndani. Hamwoni busara kuwafungia wazima ndani na kuwaacha wendawazimu nje? La hasha. Basi nchini kwenu ndivyo mnavyofanya! Tangu niisome hoja hiyo, kila nikisikia binti anaambiwa asipite njia fulani usiku kwa sababu kuna vijana wabaya, najiuliza kwa nini hao vijana hawaambiwi wakae kwao.

Na Rokeya hakuishia kuota. Alifungua shule ya wasichana Kolkata mwaka 1911, akaisimamia hadi alipofariki 1932.

Mwingine ni Alice Duer Miller wa New York. Mwaka 1915 wanawake wa kwao walikuwa bado wanadai kura, na hoja za kuwanyima zilikuwa zinajulikana: mahali pao ni nyumbani, watapoteza mvuto wao, wanaongozwa na hisia. Yeye akaandika sababu tano za kuwanyima kura wanaume. Mahali pa mwanamume ni jeshini. Wanaume watapoteza mvuto wakiacha mambo yao ya asili ya silaha, sare na ngoma. Na wana hisia kali mno, tazama wanavyofanya kwenye mechi na kwenye mikutano ya vyama. Ukisoma unaona hakubuni hoja hata moja. Alizichukua zilezile akazielekeza upande wa pili.

Sasa inaharibika wapi? Mwanamume kuvaa kanga, kujifunga kilemba, kuongea kwa sauti nyembamba, watu wakacheka, halafu tunaambiwa hiyo ni elimu ya jinsia. Hapo kimegeuzwa nini? Kinachochekwa bado ni mwanamke, kwa maana kichekesho chote ni kwamba mwanamume amefananishwa na kitu duni. Na hili ni la kale sana. Aristophanes wa Ugiriki, takriban mwaka 391 K.K., alitunga mchezo ambamo wanawake wanavaa makoti ya waume zao na ndevu za bandia, wanaingia barazani na kuchukua utawala. Mume wa kiongozi wao anaamka anakosa nguo, anatoka nje na vazi la mkewe. Mchezo ule haukuandikwa ili wanawake wa Athens wapewe kura. Kugeuza peke yake hakuna upande, kunamtumikia yeyote atakayekushika.

Nataka kusikia kwenu. Mmewahi kusoma au kuona maandishi ya namna hii yakawabadilisha? Na ninyi wanaume mnayasomaje?

#2 Mvuvi wa Sahare

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho na nakuheshimu. Niseme langu. Mimi nalala baharini. Nikirudi alfajiri chumvi imenikauka mwilini, macho mekundu. Mke wangu ananipa maji ya moto, ananipa chai, anawaambia watoto baba amelala nyamazeni. Hiyo ni heshima kati yetu, si utumwa. Ukigeuza unaondoa sababu. Mke wangu yeye hakwenda kuvua usiku. Sasa nimpepee kwa lipi?

#3 Mwalimu wa Chumbageni

Kaka, ahsante, na pole na kazi. Hoja yako ndiyo bora ambayo mtu anaweza kuitoa dhidi ya mbinu hii, kwamba ukigeuza watu bila kugeuza kazi zao unakuwa umedanganya.

Waandishi wazuri wanalijua hilo, kwa hiyo wanageuza na kazi pia. Gerd Brantenberg wa Norway alitoa riwaya yake Egalias døtre (Mabinti wa Egalia) mwaka 1977, habari za nchi ya kubuni. Katika nchi ile wanawake ndio wanaotawala na wanaokwenda kazini, wanaume wanalea watoto na kuhangaikia sura zao. Kijana wa kiume anayeitwa Petronius anataka kwenda baharini kama wanawake. Nyumbani wanamcheka, tangu lini mwanamume akaenda baharini? Msomaji mwenye boti anasoma pale akiwa amekasirika kwa niaba ya Petronius, wala hakuna aliyemwambia akasirike.

Tena niulize jambo moja la hapahapa kwetu. Maji yakitoka, nani yuko mwambani na mchokoo anatafuta pweza? Nani anatanda uduvi, nani anafunga mbegu za mwani maji yakiwa kiunoni? Nao wanarudi wamekauka chumvi. Nani anawaambia watoto wanyamaze, mama amelala?

Sidai kwamba kumpa mtu maji ya moto ni utumwa. Kama ni heshima, iwe heshima kwa yeyote aliyechoka. Yule kijana wa barazani hakukasirikia maji ya moto. Alikasirikia kumwona mwanamume ndiye anayeyapeleka.

#4 Mvuvi wa Sahare

Hapo kwenye mwani umenipata. Mke wangu ana mashamba ya mwani. Nitarudi.

#5 Bint Makorora

Mimi na mume wangu wote tunatoka nyumbani saa 12 asubuhi, wote tunarudi jioni. Yeye akirudi amefika. Mimi nikirudi ndiyo naanza: moto, maji, sare za watoto, kazi zao za shule, mama mkwe dawa zake. Siku moja nilimwambia shoga yangu, na mimi nataka mke. Akacheka hadi akakaa chini. Mimi nilikuwa nasema kweli.

#6 Mwalimu wa Chumbageni

Dada, sentensi hiyo ilishaandikwa na Mmarekani mmoja, Judy Brady, na nina hakika hukumwiga maana inatoka palepale inapotoka kwako. Aliisoma kwanza kwenye mkutano San Francisco mwaka 1970, kisha ikachapishwa mwishoni mwa 1971 katika toleo la kwanza la majaribio la jarida la Ms. Kurasa chache tu. Yeye mwenyewe ni mke na mama, anasema anataka mke. Mke wa kufanya kazi amlipie ada arudi chuo, wa kukumbuka siku ya watoto kwenda kwa daktari wa meno, wa kupika na kusafisha, wa kunyamaza wageni wanapozungumza, asiyemsumbua kwa malalamiko kuhusu kazi za mke. Anaorodhesha, anaorodhesha, kisha anauliza nani asingetaka mke.

Angalieni alichofanya. Hakumgeuza mwanamume kuwa mke, kwa hiyo hapakuwa na kicheko cha kanga na kilemba. Alijigeuza yeye kuwa mtu mwenye haki ya kuhudumiwa. Na orodha ile ukiisoma taratibu inakuwa hati ya kazi: saa, majukumu, ujuzi. Kwa maoni yangu ndiyo njia kali kuliko zote na ndiyo isiyomtukana mtu.

#7 Mzee wa Barabara ya Nane

Wanangu, tangu Machi 2021 Rais wa nchi hii ni mwanamke. Spika mwanamke tumempata tangu zamani, tulikuwa na Mama Anne Makinda mwaka 2010. Mnageuza nini tena? Kimeshageuka.

#8 Wakili wa Pangani

Mzee wangu, shikamoo. Kiti kimoja kikikaliwa na mwanamke hakibadilishi vifungu vyote. Nipe nafasi kidogo, kwa sababu mbinu anayoieleza mwalimu sisi kwenye sheria tunaijua vizuri, ni njia ya kupima kifungu.

Sheria ya Ndoa ya 1971 inaruhusu msichana aolewe na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, mvulana lazima afike 18. Msomee mtu kifungu hicho ilivyo, atasema ndivyo ilivyokuwa. Msomee kwa kugeuza: mvulana wa miaka 15, yuko kidato cha pili, babaye amekubali, anakwenda kuoa mwanamke wa miaka 40 na kuanza kulea. Atakwambia huyo ni mtoto! Basi na yule mwingine ni mtoto. Rebeca Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikaamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaitaka serikali ivirekebishe ndani ya mwaka mmoja. Serikali ikakata rufaa, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikaikataa rufaa hiyo.

La pili ni la 1983, kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Swali lilikuwa kama kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mahakama ya Rufani ilisema ndiyo, ni mchango. Dada Bint Makorora, hiyo orodha yako ya jioni, mahakama ilishakubali kwamba ni kazi.

#9 Mzee wa Barabara ya Nane

Marahaba mwanangu. Hiyo ya mvulana wa 15 kuoa imeniingia. Nina mjukuu wa umri huo, bado anahitaji kukumbushwa kuoga.

#10 Kijana wa Usagara

Mimi nina tatizo moja. Hizi hadithi zote nikizisoma naona kama mnatamani kutulipizia. Mara wanaume wamefungiwa, mara hawana kura. Kama kuonewa ni kubaya, kwa nini mnatutungia nchi ambayo sisi ndio tunaonewa? Nikisoma hivyo nafunga kitabu.

#11 Mwalimu wa Chumbageni

Mwanangu, umesema jambo ambalo hata mume wa Rokeya alilisema. Inasimuliwa kwamba alipomaliza kusoma ile ndoto alisema ni kisasi cha kutisha. Na alikuwa mume aliyempenda na aliyetaka mkewe asome na aandike. Kwa hiyo hofu yako siichukulii kama ujeuri.

Jibu langu ni hili. Nchi iliyogeuzwa si nchi ambayo mwandishi anataka kuhamia. Kwenye ndoto ya Rokeya wanaume bado wamefungiwa, na hadithi haikuulizi kama wanastahili. Naipenda sana hadithi ile, lakini huo ni upungufu wake, nami nawaambia wanafunzi wangu waziwazi. Anayesoma akadhani Rokeya anapendekeza wanaume wafungiwe, amesoma vibaya. Anayesoma asijiulize kwa nini kufungiwa kunamtisha kwa wanaume tu, naye hajasoma.

Hapa petu tuna mwalimu wa jambo hili. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, si mbali na hapa, mwaka 1909. Alipotaka kusema habari za wakubwa wasiopenda kuambiwa ukweli hakuandika jina la nchi yoyote. Alitunga Kusadikika, akaichapisha 1951, nchi ya kufikirika tu, na ndani yake Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Hakuna mtu aliyemaliza kusoma akasema Shaaban Robert anatamani kuishi Kusadikika. Tumezoea kusoma hivyo tangu sekondari. Kwa nini ikifika habari ya mume na mke tunasahau kusoma hivyo?

Ila nakubaliana nawe kwa waandishi wa leo. Ukiona mwandishi anafurahia mwanamume akipigwa, ujue ameacha kushawishi. Kikundini kwangu niliwahi kukataa mchezo mmoja kwa sababu hiyo. Mume alipigwa makofi mara tatu, na kila kofi lilikuwa limeandikwa ili ukumbi ushangilie. Nilimwambia mwandishi, akina baba watakaokuja watahesabu makofi, hawatakumbuka neno.

#12 Bi Mkubwa wa Mwambani

Mimi ni kungwi, na mama yangu alikuwa kungwi. Mjukuu wangu ndiye anayenisomea na kuniandikia hapa. Nimesikia mambo mawili sikuyapenda.

La kwanza, mnazungumza kama kugeuza kumeletwa na watu wa mbali. Kwenye ngoma zetu za ndani sisi wanawake tunacheza uanaume tangu zamani. Mmoja anakuwa mume, anakuja na maneno ya mume, na kishindo cha mume. Na tunamwonyesha mwari mume alivyo, mzuri na mbaya. Wanaume hawaoni kwa sababu mlango umefungwa.

La pili, kumfunda mwari kumhudumia mume si kumfunza unyonge. Mwanamke anayejua kutunza nyumba yake ana sauti ndani ya nyumba hiyo. Mume ambaye hawezi hata kupata kanzu yake bila wewe, nani mkubwa hapo?

#13 Mwalimu wa Chumbageni

Shikamoo Bi Mkubwa. Ahsante kwa kuja barazani kwetu, na mshukuru mjukuu.

La kwanza nalipokea kwa mikono miwili. Ni kweli wanawake wa pwani wamekuwa wakicheza uanaume, unyagoni na hata nje kwenye lelemama, ile ngoma ya wanawake, na aliyekaa pale anajua tabia za waume zilichambuliwa kuliko kitabu chochote kilivyozichambua. Tofauti ninayoiona ni msikilizaji. Mlango umefungwa, anayeigizwa hayupo. Mwari anatoka anamjua mume, mume hajui kama amejulikana. Maandishi yanaufungua ule mlango, ndiyo maana yanachoma, na ndiyo maana mwandishi anatukanwa ilhali kungwi anaheshimiwa.

La pili, Bi Mkubwa, naomba niulize kwa adabu. Sauti hiyo ya ndani ya nyumba, mume akifariki au akitoa talaka, inabaki na nani? Yule Bi Hawa wa kesi aliyoitaja wakili alikuwa mke wa kutunza nyumba. Ilibidi aende hadi Mahakama ya Rufani kusikika.

#14 Bi Mkubwa wa Mwambani

Marahaba. Hilo la talaka ni kweli, nimeona wengi wakirudi kwao na sanduku moja. Lakini na nyinyi mfundeni huyo mtoto wa kiume kwa vitendo, msimwandikie tu. Mjukuu wangu huyu anayeandika hapa ni wa kiume, na anakuna nazi.

#15 Muuguzi wa Tanga

Naongeza moja fupi. Gloria Steinem wa Marekani mwaka 1978 aliandika makala akiuliza, wanaume wangekuwa wanapata hedhi ingekuwaje? Akasema wangejivunia, wangetambiana kwa siku na kwa wingi, na pedi zingekuwa bure kwa gharama ya serikali. Sisi hapa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike iliondolewa kwenye bajeti ya 2018, mwaka uliofuata ikarudishwa kwa maelezo kwamba bei madukani haikushuka. Nikiisoma makala ile nikiwa na mwanafunzi mbele yangu aliyekosa shule siku nne, siioni kama kichekesho.

#16 Mwalimu wa Chumbageni

Dada muuguzi, na bado kuna anayesema haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. Ahsante.

#17 Mwandishi Mchanga Deep Sea

Mwalimu, nimejaribu kuandika. Naomba ukosoe bila huruma:

"Saidi alifika mnadani Deep Sea na ndoo yake mapema. Wanawake wenye boti walikuwa wameketi kwenye kingo wakinywa kahawa. Mmoja akapiga mluzi. Mwingine akasema, shati la mikono mifupi saa hizi, huyu anatafuta nini? Wote wakacheka. Saidi akainamisha kichwa akapita pembeni, akajuta kutovaa lile la mikono mirefu. Muuza changu akamshika mkono akakataa kuuachia mpaka ataje jina lake. Alipofika nyumbani baba yake akamwambia, si nilikuambia usiende peke yako? Ndipo Saidi akatambua jinsi wanawake wanavyoteseka duniani."

#18 Mwalimu wa Chumbageni

Umeweza. Pale anapojuta kutovaa mikono mirefu ndipo penye kazi yote, maana tayari anajilaumu yeye na wala hakuambiwa. Usipaguse.

Futa sentensi ya mwisho. Katika nchi uliyoitunga Saidi hawezi kuitambua, kwa sababu kule wanaoteseka ni wanaume. Umemtoa kwenye nchi yake ili ahubiri kwetu, na msomaji ataona mkono wako. Mwishie kwa baba. Tena baba ndiye bora kuliko wote hapo, kwa kuwa anampenda na bado anamlaumu.

Jambo lingine, wanawake wako wote ni wabaya. Mweke mmoja mwema, mama mtu mzima, amnunulie Saidi kahawa na amwambie kwa sauti ya upole: "Mwanangu, jisitiri, dunia imeharibika." Huyo atawakera wasomaji kuliko anayepiga mluzi. Anayepiga mluzi kila mtu atamkataa. Huyu mwema, wengi wataanza kwa kumkubali, kisha watakumbuka wao wenyewe wamemwambia nani maneno hayo.

Na mnada wenyewe tuonyeshe zaidi. Nani anapaza bei, samaki gani, fungu linakwendaje. Pakiwa Deep Sea kweli, hadi harufu, msomaji wa hapa atakubali kwamba wanawake ndio wenye boti bila wewe kumlazimisha.

#19 Mvuvi wa Sahare

Nimerudi. Kijana, mnadani hakuna anayekaa kwenye kingo anakunywa kahawa boti zikiingia, watu wanakimbilia majini. Njoo na daftari, nitakuonyesha. Na huyo muuza changu asimshike mkono, aishike ndoo. Ndivyo wanavyofanya kwetu ukitaka kumzuia mtu asiondoke, ndoo ndiyo riziki yake.

#20 Mwalimu wa Chumbageni

Ndoo! Mwandishi, chukua hiyo. Rekebisha uilete hapahapa, na kaka mvuvi uisome kwanza kabla yangu.